Mkalimani Aliyevusha Kila Neno

Alizaliwa wapi sijui, na baba yake alikuwa nani sikuuliza. Watu wa siku hizi mkianza habari ya mtu mnaanza na babu ya babu yake, kabla hatujajua kama mtu mwenyewe alikunywa chai na sukari au na chumvi. Huyu alikunywa na chumvi. Hapo tayari mnamjua kidogo.

Tulimwita Mkalimani. Ndiyo iliyokuwa kazi yake katika shamba la chai nilikokulia, upande wa Kericho, wakati ule chai bado ilikuwa changa na msitu uko karibu hata tumbili walikaa kwenye matawi wakitutazama tukichuma. Bwana mwenye shamba alisema Kiingereza. Nyapara walisema Kipsigis. Sisi tuliotoka upande wa ziwa tulisema Kijaluo, wenye maduka pale Kapsoit walisema Kikuyu, na sote tukikutana tulisema Kiswahili, kila mmoja Kiswahili chake. Katikati ya kelele hiyo alisimama mtu mmoja mwembamba, viatu vyake vimening'inia begani kwa kamba na mwavuli uko kwapani. Viatu alivivaa akifika mlango wa ofisi, akavivua akitoka. Mwavuli hakuufungua hata siku moja, na kule kwetu mvua hunyesha kila alasiri. Ukimuuliza kwa nini analowa na mwavuli anao, alijibu, "Nikiufungua utalowa."

Huyo mtu alikuwa mwongo. Nasema wazi, maana nilimpenda, na sioni faida ya kumpenda mtu ukamficha. Alikuwa na pengo la meno mawili chini. Sisi Wajaluo alituambia meno yaling'olewa kwa desturi ya kwetu. Wakipsigis aliwaambia yaling'olewa kwa desturi ya kwao. Mwenye duka wa Kapsoit aliambiwa ni Mjerumani aliyemtwanga kwa kitako cha bunduki vitani, na memsahibu, mke wa Bwana, aliambiwa ni sukari, ndiyo maana anatumia chumvi. Mama yangu aliyasikia yote manne akasema, "Basi hayo meno yana bahati mbaya. Yameng'olewa mara nne."

Habari ya vita ndiyo usiseme. Alidai aliuvusha mzinga mto mzima peke yake.

"Peke yako?" vijana wakamuuliza.

"Peke yangu. Na magurudumu yake."

"Wenzako walikuwa wapi?"

"Nyuma yangu. Walikuwa wamebeba chakula changu."

Lakini, na hapa ndipo nataka mnisikilize, mtu huyo huyo akifungua mdomo kwa niaba ya mtu mwingine hakuongeza punje. Wala hakupunguza. Mambo yake mwenyewe aliyatia chumvi kama chai yake, ya wenzake aliyabeba kama mayai. Kazi yake aliiita kuvusha. "Mimi navusha," alisema. "Neno likishasemwa mbele yangu, linavuka. Likiwa zuri linavuka, likiwa chafu linavuka. Na usinipe nusu, nusu huzama."

Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi ambayo sijaiona kwa mwingine. Alisimama kati ya wawili, akafumba macho, akasema, "Sema." Ukisema "mimi", naye alisema "mimi". Ukikohoa, alikohoa. Siku moja mwanamke mmoja wa laini yetu, yaani safu yetu ya nyumba za wafanyakazi, alikwenda kumlilia Bwana apewe kazi nyepesi. Mkalimani akashika kiuno, akatoa tumbo mbele, akamwambia Bwana kwa Kiingereza, "Nina mimba ya miezi minane, mgongo unaniuma, siwezi kuinama kwenye kichaka." Na ndevu zake zile. Vijana wakaangua kicheko. Akafumbua jicho moja akawaambia, "Mnacheka nini? Saa hii tumbo ni langu." Yule mama alipewa kazi ya kukaa.

Mwingine alimwambia Bwana kwamba yeye ni fisi, kwa sababu nyapara walikuwa wakipunguza posho na Bwana hajali. Mkalimani, macho yamefumbwa, akamuuliza, "Umemaliza? Usinipe nusu." Yule mtu, kichwa kimeshapanda moto, akaongeza, "Fisi wa mchana!" Likavuka lote. Bwana akawa mwekundu, halafu akauliza fisi wa mchana ana tofauti gani na wa usiku. Swali nalo likavuka. Ikabidi yule mtu aeleze, na kueleza matusi ni kazi ngumu kuliko kutukana, huwezi kuyaeleza ukiwa bado na hasira. Akamaliza anajikuna. Alibebeshwa kuni za kiwanda juma zima, lakini unga wa posho ulianza kupimwa vizuri.

Hata minong'ono aliivusha. Wachuuzi wawili walipokuja na magunia ya maharagwe, mmoja akamnong'oneza mwenzake kwa Kikuyu kwamba lile la chini limeingia wadudu, waliuze kwanza. Mkalimani akageuka kwetu akasema kwa sauti, "Lile la chini limeingia wadudu, tuliuze kwanza." Nao wakimkodolea macho. Bwana alikipenda sana kitabia hicho. Tukinong'ona sisi, minong'ono yetu ilimfikia, moto kabisa. Nadhani hakuwahi kufikiri kwamba mto una kingo mbili.

Sasa niwaambie habari ya mkono.

Wakubwa wa Bwana walimwandikia kwamba lazima ajue Kiswahili, atakuja kuhojiwa na mtu wa serikali. Basi kila Jumamosi alasiri wakawa wanakaa barazani, Bwana na daftari, Mkalimani na viatu mguuni. Haya sikuyapata kwa Mkalimani mwenyewe, ningekuwa mjinga. Niliyapata kwa mpishi, aliyekuwa akikanda mkate dirishani. Bwana alisema waanze na neno dogo, la kitu alicho nacho mwenyewe. Akanyoosha mkono. "Hiki."

"Mkono, Bwana."

Bwana akaandika, akadhani wamemaliza. Wakakaa kwenye huo mkono kutoka mvua za vuli mpaka wakati wa kupogoa chai.

"Kwa mfano, Bwana, mtu mwenye mkono mrefu ni mwizi."

"Kwa hiyo mwenye mkono mfupi ni mwaminifu."

"Hapana, Bwana. Huyo ni mtu mfupi."

Bwana akakata alichoandika. "Endelea."

"Mwenye mkono mwepesi hupiga watu upesi."

"Na mwenye mkono mzito ni mpole."

"Ni mchoyo, Bwana. Au mvivu. Inategemea umemwomba kitu au umempa kazi."

Mpishi alisema unga ulimganda vidoleni, hakutaka kukosa hata neno. Walipofika mkono wa birika ndipo vita vilipoanza. Mkalimani alieleza kwamba mtu mwenye mkono wa birika ni mchoyo, hatoi. Bwana akatupa kalamu. Mwenye shamba la chai! Birika ndilo rafiki yake. Akamwita mpishi alete birika, likaletwa, likawekwa mezani kama mshitakiwa.

"Hili linamwagia kila mtu," Bwana akasema. "Maskini na tajiri. Hili ni mchoyo namna gani?"

"Linamwaga ukiliinamisha kwa nguvu, Bwana. Lenyewe limekunja mkono tangu lilipotoka dukani."

Bwana akalitazama birika kwa muda mrefu, akaandika. Mpishi alisema tangu siku hiyo alilishika kama mtu aliyesikia habari mbaya za ndugu yake. Jumamosi iliyofuata akaambiwa kwamba mkono wa tembo ni ndizi. Hakubisha. Alifunga daftari akaenda kulala na jua liko juu.

Msidhani kazi ilikuwa rahisi kwa Mkalimani. Kila neno alilolitoa kwa Kiswahili ilibidi alipatie mlango wa Kiingereza, na mengine hayakupita. Kuunga mkono ndiko kulikomshinda. Kwa Kiingereza chake lilitoka kwamba unachukua mkono wako unaubandika kwa mtu mwingine, na Bwana akauliza ni nani amekatwa. Mkalimani alikuja kwenye laini jioni ile amekunja uso. Akapita nyumba kwa nyumba: mtu akisimama na neno la mwenzake, nyinyi kwenu mnasemaje? Kila mtu akamwambia la kwao. Alipofika kwetu, mama yangu alikuwa anachambua mboga, hakuinua hata kichwa.

"Wewe unamtafutia neno. Kwani yule hana mwili? Mfanyizie."

Jumamosi ile akamwita mpishi kutoka jikoni. "Shika debe la maji, uinue." Mpishi akainua. "Sasa Bwana, mshike hapa, chini ya kiwiko. Inua naye." Bwana akatazama huku na huku, memsahibu hayupo, akashika. Debe likapanda wamelibeba wawili. "Hiyo ndiyo, Bwana." Bwana akasema aa, akaandika ukurasa mzima. Mpishi naye alituambia, "Miaka mitano namchotea maji ya kuoga. Siku ambayo alinisaidia debe ni siku ya masomo."

Na kutoka upande wa pili, Mkalimani alituletea neno ambalo lilitukaa. Bwana alimsomea barua yake ya ofisini, na ndani yake sisi wafanyakazi hatukuitwa watu. Tuliitwa mikono. Nahitaji mikono zaidi wakati wa mvua, mikono fulani imetoroka, mikono mingine inaumwa. Mkalimani alisimama kati ya nyumba akalivusha hilo kama yalivyo mengine. "Huko kwenye karatasi nyinyi ni mikono. Hamna vichwa." Wanaume walikasirika. Wanawake walicheka mpaka vikapu vikaanguka. Mwezi mzima ikawa ndiyo salamu yetu shambani.

"Mkono, umeamkaje?"

"Nimeamka mzima, mkono mwenzangu. Yule mkono wa kushoto amekuja leo?"

"Amelala. Jana alikutana na pombe."

Nyapara wetu, Mkipsigis mzito wa maneno, alitufokea, "Nyinyi mikono, acheni kelele, Pwana anakuja!" Akajisikia alichosema, naye akacheka.

Mama alimuuliza Mkalimani, "Unamfundisha Bwana lugha. Siku akiijua atakufukuza. Huoni?"

"Amekaa kwenye mkono miezi minne," akajibu. "Bado mguu, bado kichwa, bado moyo. Mimi nitazeeka kabla hajafika tumboni."

Na kweli. Mtu wa serikali alipokuja, alimuuliza Bwana amweleze kwa Kiswahili njia ya kwenda stesheni. Bwana akashindwa. Hakuulizwa mkono.

Mtu huyu mwenye lugha tano alikuwa na lugha moja asiyoiweza, na hiyo ni ya kujisemea mwenyewe. Pale Kapsoit alikuwako mwanamke wa Kipsigis, mjane, aliyeuza maziwa ya kibuyu siku za soko. Mkalimani aliyanywa kila soko, na maziwa yalimwumiza tumbo, sote tunajua. Mwaka ukapita. Mwishowe akamjia mama. "Nyar Seme," akamwita, yaani binti wa Seme, maana kwetu mwanamke huitwa kwa alikozaliwa, "nenda ukanisemee kwa yule mama."

"Kipsigis sikijui, na Kiswahili changu ni cha kuombea chumvi."

"Sema Kijaluo tu. Nitakuvusha."

Nilikwenda nao, nina miaka kama kumi na minne, kwa hiyo hili nimeliona kwa macho yangu. Wakasimama watatu, yeye katikati. Akafumba macho. "Sema."

Mama akasema kwa Kijaluo, "Huyu Mkalimani wetu anakupenda, anaogopa kusema."

Naye akamwambia yule mama kwa Kipsigis, uso mkavu, "Huyu Mkalimani wetu anakupenda, anaogopa kusema."

Yule mwanamke wa maziwa akamtazama yeye, akamtazama mama, akaweka kibuyu chini. Akajibu kwa Kipsigis. Mkalimani akamgeukia mama kwa Kijaluo, "Mwambie basi aseme mwenyewe, nipo hapa."

"Umesikia?" mama akamuuliza.

"Mimi sijaambiwa kitu. Nyinyi ndio mnaongea."

"Sema naye, wewe!"

Akamgeukia yule mwanamke: "Sema naye, wewe!"

Mama alikaa chini kwenye nyasi akacheka mpaka akashika mbavu, na mwanamke wa maziwa akacheka naye, bila lugha. Mkalimani akachukua mwavuli wake akaenda nyumbani. Hakusema siku ile wala siku nyingine. Yule mama aliolewa upande wa Soin.

Nimecheka vya kutosha, sasa niseme letu.

Baba yangu alikuwa mkata kuni wa kiwanda. Baridi ya Kericho ilimwingia kifuani, na kabla mahindi ya posho ya mwezi ule hayajaisha tulikuwa tumemzika. Nyumba ya laini haikuwa ya mama. Ilikuwa ya kipande cha baba, yaani hati yake ya kazi. Hakuna mwanaume mwenye kipande, hakuna nyumba. Ndivyo ilivyokuwa, wajane waliondoka mwisho wa mwezi, nimeona wengi. Na kwao baba kulikuwa na shemeji yake mama aliyekuwa ameshatandika kitanda akimngoja, na mama hakumtaka yule mtu hata kumwona akila.

Mama alifanya kazi kwenye kitalu cha miche. Mbegu za chai hutiwa ndani ya maji. Zinazozama ndizo nzima, zinazoelea hutupwa. Zikiota unazifunika na majani ya msituni jua lisizichome. Wengine walikuwa na orodha ya saa za kumwagilia. Mama alikuwa na kidole. Alikichomeka kwenye udongo, akajua. Miche yake haikufa, na ya wengine ilikufa, na kila mtu shambani alilijua hilo. Lakini kujulikana si nyumba.

Siku tatu alipanga maneno. Nilimsikia akiyasema kwa miche, amechuchumaa. Yalikuwa mambo matatu: la kwanza la baba, la pili la mbegu, la tatu hakunifikishia, akiniona aliacha.

Baraza lilikuwa banda la kupimia majani, alasiri. Vikapu vimejaa, watu wote wapo, na wajane wengine watatu wamesimama nyuma wakingoja kuona la mama litaishaje ndipo walete yao. Bwana amekaa na karani wake, kijana wa ofisi aliyejua Kiingereza. Mkalimani akasimama katikati, akafumba macho.

"Sema, Nyar Seme."

Mama akasema la baba. Likavuka: "Mume wangu alikuja hapa mzima, ameondoka kwenye ubao." Mkalimani alikuwa na machozi, na mama hakuwa nayo bado, kwa hiyo sijui hayo yalitoka wapi. Mama akaanza la mbegu. Hapo mvua ya mawe ikaangukia mabati. Mnajua mvua ya mawe ya kwetu. Mtu anafungua mdomo, husikii. Mama akanyamaza, na Mkalimani akabaki vilevile, macho yamefumbwa, mkono sikioni.

Siku zote Bwana alikuwa na desturi ya kuingia ofisini na karani kusema yao ya siri. Siku ile mvua ilimfungia pale. Akamwinamia karani, na kwa sababu ya mabati ikabidi apige kelele sikioni mwake, kwa Kiingereza. Sisi tuliona midomo tu.

Mkalimani akatugeukia. Akavuta pumzi. Akapaza sauti kushinda mvua, na mvua, Mungu ana mambo yake, ikakatika hapo hapo, sauti ikabaki peke yake bandani kama mtu aliyevuliwa nguo:

"Huyu mwanamke siwezi kumfukuza, kitalu chote kitakufa! Nyumba atakaa nayo! Lakini tumwache kwanza alie kidogo, nimpe kama huruma yangu, la sivyo wajane wote watakuja!"



Halafu mwanamke mmoja nyuma akapiga kigelegele. Mwingine akadakia. Wajane watatu wakapenya mbele, wakajipanga nyuma ya mama, mmoja, wa pili, wa tatu, kama wanapanga foleni ya unga. Karani alijificha nyuma ya daftari. Bwana alikuwa na rangi ya udongo wetu.

"Umefanya nini?" akamuuliza Mkalimani.

Naye, bado amefumba macho, akatugeukia kwa Kiswahili: "Umefanya nini?"

Ndipo akafumbua. Nilikuwa karibu. Niliuona uso wake ukisikia kile mdomo wake ulichosema.

Bwana hakuweza kurudisha neno. Watu wote walikuwa wamelisikia, kwa Kiswahili safi, kwa "mimi". Mama alibaki na nyumba. Wale watatu, wawili walipewa za kwao, mmoja akaondoka kwa hiari yake. Na Mkalimani alifukuzwa kabla jua halijazama. Alipita mbele ya nyumba yetu na viatu begani, mama akatoka mlangoni, na kabla hajasema kitu yeye akainua mwavuli juu, kusalimia, akaenda zake. Akachukuliwa mwingine, kijana aliyevusha yale tu yaliyomfaa Bwana.

Mama hakuniambia lolote juu ya siku ile. Lakini nilimwona anavyopanga vyombo. Kama mtu aliyeacha hadithi katikati.

Ilipita miaka sita. Mimi nilikuwa nimeolewa, nimekuja kumwonyesha mama mtoto wangu wa pili. Tuko ndani, alasiri, mvua inapiga, mtu akabisha hodi. Ni yeye. Amebeba mikeka mgongoni, anaitembeza kutoka Soin mpaka huku juu. Nywele zimekuwa nyeupe. Mikeka ilikuwa imelowa.

"Karibu, baba," nikamwambia, nikamwekea kigoda. Nikamtilia chai. Akatia chumvi mwenyewe.

Mimi si mtu wa kuzunguka. Nikamuuliza, "Mzee, siku ile bandani. Ulikosea, au ulifanya makusudi?"

Akapuliza chai. "Lilinitoka tu, mwanangu. Nilikuwa nimefumba macho, nikasikia sauti, nikavusha. Ni mazoea."

"Kweli?"

"Kweli kabisa. Kama vile nilivyouvusha ule mzinga."

Sasa mimi nishike lipi? Alikuwa anasema habari zake mwenyewe, na habari zake mwenyewe mnajua alivyozisema. Nikafungua mdomo nimbane, mama akaniwekea mkono begani. Nyamaza.

"Nyar Seme," yeye akasema, "kitalu kinaendeleaje?"

"Kipo." Mama akasimama, akafuta mikono kwenye leso. "Siku ile sikumaliza."

"Najua. Ulikuwa na mambo matatu. Nilipata moja na nusu." Akaweka kikombe chini. Akasimama polepole, magoti yakalia, akajiweka kati ya mama na mlango, kama vile Bwana ameketi pale nje mvuani. Akafumba macho. "Haya. Sema."

"Fumbua macho," mama akamwambia. "Hakuna Bwana hapa. Naongea na wewe."

Akafumbua. Akawa hajui aweke wapi mikono yake.

Mama akasema. Kwa Kijaluo, taratibu, hakusema mengi. Muda wa kumenya viazi viwili hivi. Mtoto wangu alikuwa ananyonya, akaacha, akasikiliza.

Alipomaliza, mimi nikangoja. Miaka yote niliyomjua, neno halikuwahi kukaa ndani ya yule mtu zaidi ya pumzi moja. Nikamtazama mdomo. Mdomo ukafunguka, pengo likaonekana, midomo ikacheza kidogo, kisha ukafungwa. Akatafuta kigoda kwa mkono kama kipofu, akaketi. Akachukua chai yake iliyopoa akainywa yote.

Mama alisema nini mimi najua, nilikuwapo, na Kijaluo ni lugha yangu. Mmengoja niyavushe. Lakini yule aliyevusha mambo ya kila mtu, hayo aliyaacha palepale yalipotua, na mimi ni nani niyatoe?